Dendrobium cuthbertsonii: gome au chungu?

Kijani_Kibichi
Habari wakuu. Nataka kuanza kulea Dendrobium cuthbertsonii, ile okidi ndogo ya milima ya Guinea Mpya ambayo ua lake huweza kuwa kubwa kuliko mmea wenyewe. Nimebaki njia panda: niifunge kwenye kipande cha gome, au niipande kwenye chungu chenye kuvumwani ya sfagnamu (vimea laini vinavyofyonza maji kama sifongo)? Sanduku la kioo nalo linanivutia. Waliokwisha kuilea naomba mwongozo.

Mama Tunu
Chungu, mwanangu, tena kidogo. Mizizi yake ni myembamba mno, haivumilii kukaukiwa. Ikiwa kwenye gome, ukichelewa kunyunyizia siku ya joto majani yanasinyaa. Na utumie maji ya mvua! Chumvi ikijirundika kwenye kuvumwani, ncha za mizizi huungua zikawa nyeusi, kisha majani yanaanza kupukutika.

Bin Ali
Shikamoo Mama Tunu. Kwenye maji nakuunga mkono, ila chungu kina lake. Kuvumwani ikishaoza lazima ubadilishe, na okidi hii haipendi kuguswa mizizi, inasusa muda mrefu. Kwao huota hata juu ya mita 3,000, kwenye matawi yaliyovikwa kuvumwani, ukungu unapita na upepo haukatiki. Gome linakaribia maisha hayo. Tandika kuvumwani kidogo chini ya mizizi, ufunge, usiiguse tena.

Okidi_Mlimani
Kabla ya gome na chungu, uliza usiku kwako kukoje. Usiku ukishuka hadi nyuzi 10 au 13, na mchana usipite 25, mmea utakubali kote kuwili. Usiku wa joto ndio unaoumaliza polepole.
Sanduku la kioo bila feni, hapana. Tazama jani kwa karibu: lina vipele vidogo kama ngozi ya chura. Maji yakilala hapo usiku kucha na hewa imetulia, ugonjwa unaingia. Mwagilia asubuhi.
Halafu nunua mche wa kitaluni, usiguse uliong'olewa msituni. Ukiweza, uchague ukiwa na ua, maana kuna nyekundu, machungwa, njano, waridi, zambarau na hata za rangi mbili. Ua moja huweza kudumu zaidi ya miezi sita, kwa hiyo rangi utakayochagua utakaa nayo!

Kijani_Kibichi
Shikamoo Mama Tunu, na asanteni nyote. Usiku kwangu ni baridi ya kutosha, lakini mchana sishindi nyumbani. Basi chungu. Cha plastiki au cha udongo?

Mama Tunu
Marahaba. Cha udongo. Maji yanayopenya kwenye kuta zake yakikauka yanaipoza mizizi. Ila udongo nao hushika chumvi, kwa hiyo kila ukimwagilia, acha maji yatiririke hadi chini.

Bin Ali
Na mbolea iwe hafifu sana. Robo ya kipimo cha kwenye pakiti, au hata chini ya hapo.