Mkandarasi katumwagia zege la saa ya jua juu ya udongo wa mbuga, anataka alipwe!

Wakuu, nimevumilia wiki tatu, leo nasema.

Mimi ni mwalimu, shule yetu iko Ilemela, ukiwa darasani unaliona ziwa. Wazazi wamejichangisha tupate saa kubwa ya jua uwanjani: slabu ya zege upana mita 3, juu yake chuma cha mita 4 kinacholala kaskazini-kusini, watoto wasome saa kwa kivuli chake. Mwanza tuko kama digrii 2.5 kusini mwa ikweta, na chuma lazima kiwe sambamba na mhimili wa dunia, kwa hiyo kinakaribia kulala kabisa, ila ncha ya kusini lazima iinuke sentimita 17 hivi. Nilimchorea, nikamwandikia na vipimo.

Kakifunga kwa pimamaji! Namuuliza, ananijibu, "Mwalimu, mbona kiko leveli?"

Hilo linarekebishika. Kinachoniuma ni msingi. Pale ni udongo wa mbuga, ule mweusi, mtu yeyote wa Usukuma anaujua: mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unapasuka nyufa. Tulikubaliana achimbe mpaka kwenye udongo mgumu, ajaze changarawe, ashindilie tabaka kwa tabaka. Natoka kipindi cha mchana nakuta shimo la futi moja! Nondo zimelala kwenye tope bila hata biskuti moja (vile vipande vya zege vya kuziinua kutoka chini), na kijana kashika mpira anazidisha maji kwenye zege eti lisiwasumbue kusambaza. Baada ya hapo hakuna aliyekuja kulimwagilia maji likomae, hata siku moja.

Mvua zimenyesha, upande wa magharibi umezama sentimita 5. Msiniambie ni kidogo. Kwa upana wa mita 3 hiyo ni digrii 1 nzima, na jua linatembea digrii 1 kwa dakika 4. Jua la Mwanza tayari liko nyuma ya saa ya simu kwa dakika 48 hivi, kwa sababu saa zetu zinafuata longitudo ya 45 na sisi tuko karibu na 33. Hiyo ndiyo tofauti niliyotaka watoto waipime wenyewe. Sasa watapima nini, jua au uzembe wa mtu?

Jana kaja na ndoo ya plasta azibe ufa uliotokea kwenye slabu, halafu nimsainie malipo ya mwisho. Sisaini. Avunje, achimbe upya, kwa gharama yake.

Mafundi wa Igombe na Buswelu mliomo humu, kwenye mbuga kama hii mnashuka kina gani?