Eti "inajiosha"! Yule fundi wenu amenimaliza

Mzee_SSS:
Wadau, nachapa huku mikono inatetemeka. Simtaji. Mnamjua. Yule wa geti lililopakwa rangi nusu, anayepima oili kwa kidole halafu anakusalimia kwa mkono huohuo. Ni nyinyi mlionisifia humu ndani, eti kwa hedi (vichwa vya injini) za Datsun za zamani hakuna kama yeye. Kweli, hakuna.

Gari yangu mnaijua, 1600 SSS, ndugu wa ile Datsun aliyoshinda nayo dereva Edgar Herrmann mbio za Safari Rally za 1970. Injini ya L16, hedi ya aluminiamu, kabureta mbili. Nilitaka jambo dogo kabla ya maonyesho ya Ngong Racecourse: hedi ipigwe fesi, yaani ikatwe kidogo uso wa chini, kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) ipande, valvu zisagwe, na midomo ya njia za hewa ikwanguliwe ilingane na gasketi. Midomo! Hata nilimchorea mstari kwa wino mwekundu. Yeye akaingia na grainda ya kukatia mageti, akachimba kama anatafuta maji Kitui. Na maji akayapata. Alitoboa ukuta mpaka kwenye njia ya maji.

Mtu mwenye mama angenipigia simu. Yeye akaziba kwa sabuni. SABUNI. Ile ya kipande, ya buluu, kama anaziba tangi la lori la kokoto. Akapaka rangi ya fedha juu, akala shilingi zangu 42,000.

Leo saa mbili asubuhi, Museum Hill. Moshi mweupe nyuma, ungedhani ni Kenyatta Market siku ya nyama. Mshale wa joto umelala kwenye nyekundu. Nikasimama kando, nikasubiri nusu saa, nikafungua kifuniko cha radieta kwa kitambaa. Povu. Povu jeupe, lina harufu ya Jumamosi ya kufua, likateremka kwenye grili, likapita bampa, likatambaa barabarani. Makanga mmoja akachungulia mlangoni: "Mzee, kola usisahau!"

Nikampigia simu, tena kwa adabu. Akasikiliza. Akacheka kwa pua. Kisha: "Mkubwa, si basi inajiosha."

INAJIOSHA. Gari ya marehemu babangu. Inajiosha!

Gasketi_Mbili:
Sabuni gani hiyo, mkuu? Yangu haishiki hata kwenye tangi.

Kijana_wa_Kariobangi:
Pole mzee, lakini hedi ya injini ya L unampaje mtu wa mageti? Na hiyo fesi je? Ukiikata hedi, kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, inashuka nayo, cheni inayoizungusha inalegea, valvu zinachelewa kufunguka. Unapata kompresheni, unapoteza nguvu. Lazima nguzo za kamshafti ziinuliwe kwa shimu, vile vipande vyembamba vya chuma, za unene uleule uliokatwa. Aliweka?

Mzee_SSS:
Shimu? Yule? Nilimchongea kabari ya mti kwa mikono yangu, ya kubana cheni ili tenshena, kile kikaza cheni, isichomoke hedi ikitoka. Siku ya kuchukua gari niliikuta imezuia mlango wa choo. Tenshena ilikuwa imedondokea ndani, akafungua kifuniko cha mbele chote, na hiyo kazi pia akanilipisha. Halafu ANANIAMBIA INAJIOSHA.

Mama_Probox:
Kwani haikutakata?

Mzee_SSS:
Mama, nakuheshimu.

Bwana_504:
Shida yako ilianza uliponunua Datsun. Peugeot 504 ilichukua Safari 1975, ikarudia 1978. Lakini yule jamaa namjua, mimi pia amenilia. Alivua hedi ya 504 yangu akazungusha krenki bila kubana laina, ile mirija ya pistoni. Injini ile laina zake zimekaa ndani ya maji! Zikainuka, sili za chini zikaachia. Asubuhi nachomoa kijiti cha oili nakuta chai ya maziwa. Namuuliza, ananijibu, "Sukari utaweka mwenyewe."

Mzee_SSS:
Angalau wewe ulikaribishwa chai. Mimi niliambiwa INAJIOSHA.

Kijana_wa_Kariobangi:
@Bwana_504 ile ya 1978 ilikuwa kupe ya V6. Usiihusishe na hiyo yako ya kubebea kabichi.

Bwana_504:
Kabichi zimesomesha watoto watatu. Datsun yako imesomesha nani?

Kijana_wa_Kariobangi:
Mimi sina gari.

Mama_Probox:
😂😂 Nyinyi mnalilia magari ya maonyesho. Mimi Probox ni kazi, na fundi wa umeme alinitengenezea honi, sasa nikitaka kukata kushoto waipa zinapanda. Jua kali namna hii. Watu wa Thika Road wananipisha wakidhani nina wazimu.

Tulia_Ngara:
Heri waipa. Mimi wa rangi alinipakia milango miwili nyeupe ya maziwa na miwili nyeupe ya ugali. Nikamwonyesha juani, akaniambia nije usiku.

Mama_Probox:
Usiku! Haki huyo nampenda. Yuko wapi?

Mzee_SSS:
Wadau, tafadhali, hedi yangu. Kuna anayejua mtu wa kuchomelea aluminiamu kwa gesi ya agoni? Hedi nyingine ya L16 sipati.

Tulia_Ngara:
Yuko Ngara, lakini usimpelekee. Alinichomelea eksozi ikatazama juu.

Gasketi_Mbili:
Hahaha, kama ya trekta?

Tulia_Ngara:
Kama ya trekta. Mvua ikinyesha naifunika na mkebe wa maziwa ya unga.

Bwana_504:
Tukiwa bado hapa, nani ana taa ya nyuma ya 504, ya kushoto?

Gasketi_Mbili:
Ninayo. Ina ufa kidogo lakini haiingizi maji.

Bwana_504:
Bei?