Shingo ya gita la umeme: skrubu au gundi?

kijana_korogwe: Wakuu, habari za jioni. Natengeneza gita langu la kwanza. Bodi ya mninga iko tayari, shingo nimeletewa imeshachongwa. Sasa niifunge kwa skrubu au niigandishe kwa gundi? Ruta, ile mashine ya kuchimbia mbao, ya kuazima ninayo Jumamosi tu.

patasi_kali: Mkuu, daraja lako, pale nyuzi zinapokalia kwenye bodi, ni la aina gani? Bapa linalolalia bodi, au linalosimama juu ya nguzo mbili? Na kutoka nyuzi zinapoanzia kichwani hadi freti (kile kipande cha chuma kinachokatiza shingo) ya 12 ni milimita ngapi? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

mama_besi: Skrubu, mdogo wangu. Kampuni ya Fender wanauza magita ya hivyo tangu 1950. Ukikosea unafungua, unaparua kidogo, unafunga tena.

solo_tanga: Dada, hapo nabisha. Gita la Les Paul la kampuni ya Gibson ni la gundi tangu 1952, na noti yake ukiipiga haizimiki upesi.

mama_besi: Noti inadumu kwa sababu shingo imebana vizuri. Hata ya skrubu ikibana inadumu.

mzee_wa_nyuzi: Wanangu, mimi niligandisha. Daraja la nguzo mbili, shingo nikailaza sambamba na bodi, nikabana na klempu nikaenda kulala. Asubuhi nafunga nyuzi: daraja nimelishusha mpaka mwisho, na bado kwenye freti ya 12 nyuzi zimepaa milimita 5. Halipigiki! Nikapasha pasi, nikaingiza kisu chembamba kwenye kiungo, saa nzima. Shingo ilitoka na kipande cha bodi kikubwa kama kiganja. Ulikuwa mkangazi safi, niliutafuta miezi. Mpaka leo bodi ile siwezi kuitazama.

kijana_korogwe: Poleni sana mzee. Daraja langu ni hilohilo la nguzo mbili. Freti sijapima.

patasi_kali: Basi pima kabla ya Jumamosi. Ukipata 324, zidisha mara mbili: daraja linakaa kwenye 648. Daraja la nguzo mbili hukaa juu, kwa hiyo shingo iinamie nyuma kama digrii 3, ila jaribu kwanza kwenye ubao wa taka. Kabla ya kutoboa, vuta uzi kila upande kutoka kichwani hadi darajani, uone kama shingo imekaa katikati. Na matundu ya bodini skrubu ipite bila kung'ata. Ing'ate kwenye shingo peke yake, la sivyo kiungo kitaacha mwanya. Skrubu ipake sabuni kwanza.

solo_tanga: Mninga lakini si mzito? Utaumia bega.

mama_besi: Inategemea gogo. Mvule ndio niliuacha, vumbi lake lilinikohoza wiki nzima.

mzee_wa_nyuzi: Vaa barakoa, hata kwa mninga. Ubao wa freti ni mti gani?

kijana_korogwe: Mpingo, mzee.

solo_tanga: Mpingo! Umeupata wapi? Hata kipande cha sentimita 50 nanunua.