Kifaransa na Kompyuta kwa mtandao, mwalimu yuko Arusha, darasa liko Kibosho: tuanze na nini?

Mtaaluma_Kibosho

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa wanaoijua kazi hii.

Shule ni ya kata, iko Kibosho juu, Kilimanjaro, ndani ya bonde. Kidato cha kwanza ina wanafunzi 42. Masomo yasiyo na mwalimu ni Kifaransa na Kompyuta. Shule moja ya Arusha mjini imekubali walimu wake wawili wafundishe darasa letu mubashara: Kifaransa vipindi vitatu kwa wiki, Kompyuta viwili, kila kipindi dakika 40. Tulichonacho ni chumba chenye umeme, TV ya inchi 55, laptopu moja, kompyuta za mezani 14 na ruta ya 4G ambayo mtandao wake unasuasua. Kuna mfadhili yuko tayari kununua kamera nzuri ya darasani.

Tununue kamera ya aina gani? Bando la muhula liwe kiasi gani? Na je, ni lazima awepo mwalimu chumbani wakati wa Arusha yuko hewani? Natanguliza shukrani.

WayaNgumu

Mkuu, mwambie mfadhili asubiri na kamera yake. Picha ikiganda, somo linaendelea. Sauti ikikatika, watoto 42 wanaanza kupiga soga, na kuwarudisha si kazi ndogo.

Fedha hizo nunueni kifaa cha mkutano chenye spika na maiki pamoja, kile kinachozuia mwangwi chenyewe. Sababu ni hii: ukitumia spika za kawaida na maiki ya laptopu, sauti ya mwalimu inatoka kwenye spika, inaingia kwenye maiki, inamrudia Arusha imechelewa. Akijisikia mwenyewe anasita, anarudia maneno, kipindi kinaisha hivyo. Ongezeni maiki moja ya mkononi isiyo na waya ya kupitishwa madawatini, maana ile ya mezani haimpati vizuri mtoto aliye mita 6 nyuma. Mwalimu wa Arusha naye apate maiki ya kubana kwenye shati. Ni kitu kidogo, lakini kinafanya kazi kuliko kamera yoyote.

Chumba kina dari? Kibosho masika ikipiga bati, hata mwalimu aliyesimama mbele yao hasikiki. Kama mna chumba kingine chenye dari, hamieni huko hata kama ni kidogo.

Kwa kamera, ile ya nje ya kawaida inatosha, ifungwe juu ya TV, ionyeshe darasa zima ili mwalimu aone mikono iliyonyooshwa. Mwalimu asijionyeshe muda wote. Dakika 5 za mwanzo uso, kisha aonyeshe skrini yake. Skrini isiyobadilika inakula data kidogo sana kuliko uso unaotembea. Maandishi: mtoto aliye mita 8 kutoka kwenye TV anahitaji herufi za sentimita 4 hivi, kwa hiyo mistari isizidi 10 kwa ukurasa. Walimu wengi wanajaza mistari 20, halafu wanashangaa nyuma hawaandiki.

Bando: vipindi 5 ni dakika 200 kwa wiki. Ukihesabu megabiti 1.5 kwa sekunde kwa kwenda na kurudi, ni GB 2.25 kwa wiki, yaani GB 27 kwa wiki 12. Wekeni 35. Na kwenye laptopu zimeni kujisasisha kwa Windows, la sivyo bando la wiki mbili litaondoka usiku mmoja mkiwa mmelala.

Mtandao msiupime kwa programu ya kasi. Kasi ya sekunde 20 haikuambii lolote kuhusu dakika 40. Saa ileile ya kipindi, fungua dirisha la amri kwenye Windows, andika ping -n 2400 8.8.8.8. Hiyo inatuma ujumbe mdogo na kusubiri jibu, mara moja kwa sekunde, kwa dakika 40 hivi. Fanya siku tatu. Zilizopotea zikizidi asilimia 1, au muda wa jibu ukirukaruka kutoka milisekunde 60 hadi 400, hapo pana tatizo hata kama kasi inaonekana nzuri. Leta majibu.

MamaRatiba_Arusha

Kwa swali la tatu jibu ni ndiyo, na si mlinzi wa mlango. Jimbo la Amazonas huko Brazili linarusha masomo mubashara kwa satelaiti kutoka Manaus tangu 2007, kwenda vijiji ambavyo wanafikia kwa mashua. Pamoja na studio na satelaiti zote hizo, kila darasa lina mwalimu aliyekaa na watoto. Si lazima ajue Kifaransa. Kazi yake: kufungua vifaa dakika 10 kabla, kugawa karatasi, kupitisha maiki, kusimamia madaftari, na kumwambia mwenzake wa Arusha "safu ya nyuma hawajaelewa", maana kwenye kamera nyuso za nyuma ni nukta tu. Mpeni vipindi hivyo kwenye ratiba kama mzigo wake halali. Mkimwambia "ukipata nafasi uchungulie", ifikapo wiki ya nne hatakuwepo.

Mtumieni mwalimu wa Arusha mchoro wa mikao wenye majina, dawati kwa dawati. Akiita "wewe wa pale" hakuna anayesimama. Akiita jina, darasa zima linakaa sawa.

Ratiba ndiyo inayoua mipango hii kimyakimya. Kengele zenu na za Arusha zikitofautiana dakika 15, kila siku mmoja anamsubiri mwingine. Zipangwe upya, na ni shule mwenyeji wa darasa inayofuata kengele ya mwalimu, kwa sababu yeye ana madarasa yake mengine. Badilishaneni mapema kalenda za mitihani ya katikati ya muhula, michezo na mahafali. Kompyuta iwe vipindi viwili mfululizo. Kifaransa kigawanywe siku tatu tofauti. Lugha ya mara moja kwa wiki haikai kichwani.

Kwa programu, Zoom ya bure inakata dakika 40, na mtakuwa mmeshapoteza tano za kuunganisha. Google Meet ya bure haiwabani mkiwa vifaa viwili tu. Mkiingia vitatu (mkuu wa shule akichungulia kwa simu yake ofisini, kwa mfano) kikomo ni dakika 60, na Kompyuta ya dakika 80 itakatwa.

Wanafunzi watafanyia mtihani kituo chenu, siyo Arusha. Kwa hiyo alama za maendeleo zitunzwe kwenu, na makubaliano yaandikwe na kupita kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri zote mbili kabla ya muhula kuanza. Andikeni waziwazi nani anatunga, nani anasahihisha. Kazi za kuandika zinapigwa picha kwa simu na kutumwa. Karatasi 42 ni MB 12 au 13 tu. Mtihani wa muhula wenyewe upelekwe kwa basi kwenye bahasha.

Mtaaluma_Kibosho

Ahsanteni sana. Nimepima leo saa 3 asubuhi. Kati ya 2400 zimepotea 190. Kwenye ruta inaonyesha RSRP (nguvu ya mawimbi) -109 na SINR (usafi wake) 2. Nikipanda na ruta hiyohiyo ukingoni mwa bonde, mita 70 hivi kutoka darasani, inasoma -88 na 14. Chumba kina bati tupu, ila stoo ya vitabu ina dari. Na umeme hapa unakatika ovyo.

WayaNgumu

190 ni karibu asilimia 8. Hapo hapafundishiki. Lakini umeshapata dawa mwenyewe: -88 na 14 ni nzuri.

Usinunue antena na kuvuta kebo yake mita 70. Mawimbi yataishia ndani ya waya. Weka ruta ya nje yenyewe juu ya nguzo pale ukingoni, halafu shusha kebo ya mtandao inayobeba data na umeme pamoja. Kebo hiyo ina kikomo cha mita 100, kwa hiyo 70 iko salama. Iwe ya shaba tupu. Madukani zimejaa za aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwaruza ncha kwa kisu, ukiona nyeupe ndani rudisha. Kwa kebo ya namna hiyo yenye mita 70, umeme unaofika juu unakuwa hafifu, ruta inajizima na kujiwasha, nanyi mtalaumu mnara. Ipitishwe ndani ya bomba la plastiki, ifukiwe sentimita 45, jembe lisiifikie.

Nguzo ipite urefu wa miti ya migrivea iliyo upande wa mnara, siyo ya pembeni. Majani yaliyolowa yanakula mawimbi kuliko makavu, ndiyo maana mtandao wenu unazidi kuwa mbaya wakati wa mvua. Nguzo ichimbiwe waya wa ardhini, na kebo ichomolewe kila siku baada ya masomo. Radi ya mlimani haina msamaha.

Hamieni stoo.

FundiSola_Sakina

Umeme. TV wati 110, laptopu 60, ruta 10, spika na maiki 10, jumla 190. Inveta inakula karibu asilimia 15, weka 220. Betri moja ya jeli ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, ina Wh (wati-saa) 1200, lakini usitumie zaidi ya nusu kama unataka idumu. 600 gawanya kwa 220, ni saa mbili na dakika arobaini hivi, vipindi vinne. Chaja ya ampea 10 inairudisha kwa saa sita.

Msichukue betri ya gari. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, ukiinyonya polepole kila siku inakufa ndani ya miezi. Na inveta iwe ya mawimbi safi. Zile za bei rahisi zinaleta mngurumo kwenye spika, na hapo juu mmekubaliana sauti ndiyo kila kitu.

Kompyuta 14 za mezani betri hiyo haiziwezi; zote pamoja zinapita kilowati moja. Umeme ukikatika siku ya Kompyuta, somo ligeuke nadharia. Muwe na karatasi zake tayari.

MamaRatiba_Arusha

Hapo hapo kwenye Kompyuta: watoto watatu kwa mashine moja, na mwalimu wa mbali hazioni skrini hizo. Mshikaji wa kipanya abadilike kila dakika 10 kwa kufuata saa, la sivyo mmoja ndiye atakayejifunza. Mafaili ya zoezi yatumwe jana yake na yawekwe kwenye mashine zote. Mtihani wa somo hili una vitendo, kwa hiyo vidole vyao ndivyo vinavyohitaji kazi.

Bonjour_Njiro

Nimechelewa, niongeze ya Kifaransa tu.

Wengi wanashauri mtandao ukikata mpige simu ya kawaida na kuiweka kwenye spika. Kwa Kompyuta sawa. Kwa matamshi hapana. Simu ya kawaida inabeba sauti za kati ya hetzi 300 na 3400, na sehemu kubwa ya kinachotofautisha "s" na "f" iko juu ya hapo. Watoto watajifunza kosa na kulirudia kwa bidii. Siku hiyo fanyeni sarufi au kusoma kwa maandishi, na mwalimu wa chumbani awe na faili za sauti kwenye laptopu.

La pili halionekani mpaka siku ya kwanza. Darasa likirudia kwa pamoja "je m'appelle", programu inadhani ni kelele na inazima sauti. Mwalimu wa Arusha anasikia vipande. Kwenye Zoom kipunguza kelele kishushwe kiwango cha chini. Kwenye Meet kizimwe kama kipo. Hata hivyo, kwa sababu ya kuchelewa kwa sauti, mwalimu asitamke pamoja nao. Atamke, anyamaze, asikilize wote, kisha aite watatu mmoja mmoja kwenye maiki.

Mkihitaji mtu wa kuwasikiliza watoto ana kwa ana mara moja kwa muhula, Arusha kuna Alliance Française. Ulizeni pale.

Mtaaluma_Kibosho

Mwalimu, na kurekodi vipindi kwa ajili ya waliokosa?

Bonjour_Njiro

Rekodini skrini na sauti ya mwalimu, kamera ya darasa izimwe na watoto wasiitwe majina. Sura na sauti za watoto zinaangukia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo mkitaka kuwaonyesha chukueni ridhaa ya wazazi kwa maandishi kwanza. Na rekodi ikae kwenye diski ya shule, siyo kwenye kundi la WhatsApp.