Naomba ushauri: kwa nini kishada cha nyota cha Kilimia hakijatawanyika?

Ndugu wanachama, nawasalimu kutoka Nairobi, ambako nasimamia chama cha falaki cha wanafunzi wa sekondari. Wanafunzi wangu wanaelewa kwamba wingu baridi la gesi na vumbi huporomoka kwa uvutano wake lenyewe, likagawanyika mapande yanayokuwa nyota. Kinachowatatiza ni hatua inayofuata: nyota kubwa zikishawaka, mwanga na pepo zake (mikondo ya chembe inayotoka kwenye nyota) hufukuza gesi iliyosalia, na kwa kuwa gesi hiyo ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya uvutano, vishada vingi vya nyota hulegea na kutawanyika mapema.

Mwanafunzi mmoja akaniuliza, na swali lake ni la haki, mbona Kilimia, chenye umri wa takriban miaka milioni 100 na nyota zaidi ya 1,000 (macho huona sita au saba tu), bado kimeshikamana. Nilimjibu kwamba kilizaliwa kikiwa kimesongamana sana; hakuridhika, nami sikujiridhisha.

Naomba mfano rahisi, usiohitaji hesabu nzito. Aidha, kwa kuwa taa za jiji zinatuzidi, je, Magadi, kusini-magharibi mwa Nairobi, mwezi Desemba patatufaa kulinganisha Kilimia na kishada kichanga cha Orioni kwa darubini ndogo?