Nilisema nataka simu inayosomeka juani, wakaniuzia kamera

Wakuu, salaam. Nimekaa na jambo hili wiki tatu nikisubiri hasira ipoe. Haijapoa, kwa hiyo naandika nayo.

Mimi ni bodaboda hapa Dar, zile za kuitwa kwa simu. Natoka saa kumi na mbili asubuhi, narudi usiku, siku sita kwa wiki. Simu yangu inakaa kwenye usukani. Jua lote la mchana ni lake, vumbi la Mbagala ni lake, masika ikianza na maji ni yake. Ile ya zamani nilidumu nayo miaka minne na haikuwahi kupasuka kioo. Kilichoiua ni kutelekezwa: apdeti ziliacha kuja, GB zikajaa, ramani ikawa inachukua dakika nzima kufunguka huku abiria anapiga, "Kaka uko wapi, mbona nakuona umesimama pale pale?" Nikaanza kuweka elfu tano kila siku ya kazi. Wiki kumi na sita. Nikafikisha 480,000.

Hesabu hiyo nimeiandika makusudi. Kwa muuzaji ni mteja mmoja wa saa tano asubuhi. Kwangu ni wiki kumi na sita za kupitisha chai bila kitafunwa.

Nilikwenda Kariakoo nikijua ninachotaka, tena nimekiandika kwenye karatasi. Kioo kisomeke saa saba mchana bila kukifunika na kiganja. Betri inifikishe saa mbili usiku ramani ikiwa wazi. Apdeti za usalama ziwepo, za miaka, kwa sababu pesa zangu zote na pesa za mchezo wa kijiweni (mimi ndiye mtunzaji) zinapita humo. Na isigande. Basi. Kamera sikuiandika kabisa. Napiga picha ya mwanangu siku ya Idi, na picha ya risiti ya mafuta. Kamera yoyote inatosha.

Nilipita maduka manne kwanza. Kisha Mtaa wa Aggrey winga, dalali wa kuvuta wateja, akanidaka kabla sijaweka stendi. Akanipeleka duka la jamaa yake. Nikasoma karatasi yangu yote mbele ya kijana wa kaunta. Nilisoma polepole. Alichojibu ni hiki: "Bosi, chukua hii. Megapikseli 50, RAM 16, GB 256, Hz 120. Mtaani wote wanaiulizia hii." Nikamwambia nimeuliza kuhusu jua. Akaongeza mwangaza mle mle dukani, chini ya taa, akanionyesha: "Si unaona?" Nikamwomba tutoke nje hatua tatu tu. Akasema simu haitoki mlangoni mpaka ilipiwe. Nikauliza, apdeti ni za miaka mingapi? "Zitakuwa zinakuja zenyewe." Za miaka mingapi? "Hiyo ni mpya bosi, haina shida."

Hapo ndipo ningeondoka. Lakini nusu siku ilikuwa imeshakwenda, na maduka manne niliyopita kabla yake majibu yalikuwa yale yale. Nikalipa.

Sasa sikilizeni nilichokuta.

Ile RAM 16, yaani nafasi ambayo simu inafanyia kazi zake za papo hapo, ni 8. Kwenye boksi imeandikwa 16 kwa tarakimu kubwa kama kidole gumba, na chini yake, kwa maandishi ya kusoma kwa tochi, 8+8. Nane ya pili si RAM. Ni sehemu ya hifadhi, ile ile unayowekea picha, iliyokatwa ili simu ipumzikie hapo RAM halisi ikijaa. Hifadhi haina mbio za RAM hata kwa mbali. Na kuna hifadhi na hifadhi. Simu nyingi za bei ya chini zinatumia eMMC, ambayo haiwezi kusoma na kuandika kwa wakati mmoja. Ni kama daraja la gari moja, huyu akipita yule anasubiri. Zile za UFS zinapitisha pande zote mbili na mbio zake ni zaidi ya mara mbili. Yangu ni eMMC. Ramani inashusha data, ombi la safari linaingia, simu inapiga kengele, vyote vinagombania daraja moja. Inaganda. Ombi linakwenda kwa mwingine. Jambo hili halikuandikwa popote kwenye boksi, na hakuna muuzaji niliyekutana naye aliyejua nikiuliza.

Kioo. Saa saba mchana pale Buguruni nakiona cheusi, nauona uso wangu. Mwangaza wa kioo hupimwa kwa niti, na namba hiyo kampuni huiweka mbele pale tu inapowapendeza. Nimekuja kuiona mtandaoni baada ya kununua: yangu haifiki 500. Ndugu yangu wa kijiweni ana yenye 800 na tukiziweka pamoja juani ni kama usiku na mchana. Tena simu ikipata joto kali inajipunguzia mwangaza yenyewe ili isiungue, kwa hiyo hata hicho kidogo kinaondoka saa ile ile ninapokihitaji. Hizo Hz 120 zinafanya maandishi yateleze vizuri unapoyasukuma na kidole. Mimi nina glavu mkononi na macho barabarani, yanitelezee ili iweje?

Niseme haki: betri ni nzuri. mAh 5000, inanifikisha. Hilo halikunidhulumu.

Kamera hiyo waliyoisifia sana, ile 50, ukipiga picha ya kawaida inaunganisha pikseli nne kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12 na nusu. Kitaalamu si kosa, inasaidia gizani. Lakini waambieni watu. Na lenzi ya pili iliyozungushiwa duara la kung'aa ni ya megapikseli 2, ipo ili mgongo wa simu ufanane na wa simu ya milioni mbili. Halafu kwa sisi wa pikipiki kuna jambo ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kulitamka. Mwaka 2021 Apple wenyewe walionya kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki, simu ikifungwa kwenye usukani, unaweza kuharibu kamera yenye lenzi inayoelea ili kutuliza picha. Android zenye lenzi za namna hiyo zina kifaa cha aina ile ile. Kwa hiyo kwa kazi yangu kamera "bora" inaweza kuwa hatari kuliko kamera ya kawaida. Mteja anakuambia anaiweka kwenye usukani, wewe unamvuta kwenye kamera!

Lakini kilichonitoa machozi ya hasira ni apdeti. Nilifungua Mipangilio, nikaenda Kuhusu simu, nikagusa toleo la Android. Simu "mpya", nailoni nimeitoa mwenyewe, tarehe ya sasisho la usalama ilikuwa ya miezi minane nyuma. Nikatafuta mapya. "Mfumo wako umesasishwa." Wiki tatu zimepita, bado jibu ni hilo hilo. Google hutoa taarifa za mianya ya Android tangu 2015, na kila zinapotoka, wezi nao wanazisoma. Mimi nabeba pesa za watu kumi na wawili kwenye mlango ambao fundi wake hajarudi tangu mwaka jana.

Na msiniambie ndivyo simu za bei hii zilivyo. Samsung waliitoa Galaxy A16 mwishoni mwa 2024, simu ya kawaida tu, si ya mabosi, wakaahidi apdeti za miaka sita. Pixel 8 ya 2023 na Galaxy S24 ya 2024 ziliahidiwa miaka saba. Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, ni sheria: mtengenezaji anatakiwa atoe apdeti kwa angalau miaka mitano tangu toleo hilo lilipoacha kuingizwa sokoni, betri ibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 800, vipuri vipatikane kwa miaka saba, na simu iuzwe na lebo inayoonyesha uimara wake na urahisi wa kuitengeneza. Kwa hiyo inawezekana. Huku kwetu tunapewa boksi lenye 16 kubwa.

Nilirudi dukani siku ya pili. "Umeshafungua boksi." Nikasema nisingeweza kujua bila kulifungua. "Waranti ni ya ubovu bosi, na simu si mbovu, inawaka." Winga nilimkuta pale pale nje, akaniangalia kama hajawahi kuniona.

Nimeuliza ushauri huku na kule na ushauri nao umenichosha. Mmoja ananiambia, "Ongeza kidogo uchukue ya laki nane." Kidogo! Mwingine anasema nichukue used ya Dubai, zile za hadhi ya juu za miaka ya nyuma. Kioo chake ni kizuri kweli, nakubali, juani zinasomeka. Lakini miaka ya apdeti inahesabiwa tangu toleo hilo la simu lilipoingia sokoni kwa mara ya kwanza, haihesabiwi tangu siku uliyoinunua wewe. Galaxy S20 ilitoka 2020, baadaye ikaahidiwa apdeti za usalama za miaka minne. Ukiinunua leo kwa pesa yako ngumu unanunua iliyokwisha, tena na betri ambayo mwenzako ameshaila. Na wale wa kusema "nunua 5G ndugu, ndiyo mambo ya sasa": 5G imeanza kuuzwa nchini 2022, ni vizuri, lakini mimi natumia ramani na ujumbe. 4G inanitosha. Shilingi inayokwenda kwenye 5G nisiyoitumia imetoka kwenye kioo nisichokiona.

Tunaambiwa tuchague simu kulingana na mahitaji yetu. Nachaguaje, wakati namba zinazohusu mahitaji yangu zimefichwa na zisizonihusu ndizo zimepigwa chapa ya dhahabu? Mwaka 2016 mwezi Juni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizima simu feki nchi nzima, tukajifunza sote kubonyeza *#06# na kuhakiki IMEI, namba ya utambulisho wa simu, kabla ya kulipa. Walipotaka, iliwezekana. Basi nataka na hili: boksi liseme RAM halisi ni ngapi, aina ya hifadhi, niti za kioo, na apdeti zitaisha mwezi gani wa mwaka gani. Mistari minne, kwa Kiswahili. Na dukani mteja aruhusiwe kuishika simu ya maonyesho nje ya mlango, juani, kabla ya kulipa.

Nyongeza, saa nne usiku: nimesoma majibu yenu, asanteni. Mnaotaka nitaje duka na kampuni, sitataja. Maduka matano yalinijibu kitu kimoja, nikitaja moja mengine manne yatashangilia.

Dada mmoja wakala wa pesa amenikumbusha jambo ambalo sikuliandika, nalo ni zito. Simu ya "laini mbili na memori kadi" aliyouziwa, kumbe tundu la laini ya pili ndilo hilo hilo la memori kadi. Ukiweka kadi, laini moja inatoka. Yeye kazi yake ni laini mbili, hawezi kutoa hata moja. Alimweleza muuzaji kazi yake kabla ya kulipa. Pole sana dada yangu. Wanaonunua kesho, mwambieni muuzaji autoe ule mkebe wa laini mhesabu matundu kwa macho.

Aliyeuliza kama naweza kuizima ile nane ya bandia: ndiyo, nimeizima kwenye Mipangilio, na simu imepunguza kuganda kidogo. Jaribuni.

Mwanasheria mmoja humu amenielekeza kwamba Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na kwamba malalamiko yanapelekwa Tume ya Ushindani kwa maandishi. Jumatatu sipandi pikipiki mpaka saa sita, nakwenda na boksi langu, risiti, na picha ya tarehe ya apdeti. Nataka nisiende peke yangu. Mwenye boksi lililoandikwa RAM kwa ujanja huo huo, apige picha ubao wote wa mbele, kile kimaandishi kidogo kisomeke, aiweke hapa kabla ya Jumapili jioni. Nitazichapisha zote kwa pesa yangu.