Kuvuta pikap kwa trela ya kukodi, Nakuru hadi Mbale: Forester itaweza?

Mzaliwa_wa_Mbale

Mulembe wadau, na wengine wote habari zenu.

Nimenunua Hilux kebini moja, ile ya injini ya dizeli inayoitwa 3L, kwa mzee mmoja hapa Nakuru upande wa Pipeline. Bodi iko sawa na chesi haina kutu. Shida ni injini: ilichemka, mtu akaendelea kuiendesha hivyo hivyo, sasa imeshika kabisa, haizunguki. Fundi wangu yuko nyumbani Mbale, Vihiga, ana injini nyingine imekaa inangoja, na bei yake ya kazi ni nusu ya niliyoambiwa na mafundi wa hapa. Kwa hivyo gari lazima lifike Mbale.

Bredauni ya kubeba gari zima wameniambia 38,000. Nimekataa kwanza. Kuna jamaa hapa mjini anakodisha trela ya magari, ekseli mbili, 5,000 kwa siku. Shemeji ana Subaru Forester 2.0 otomatiki, haina tabo, na towba, ile chuma ya nyuma ya kufungia trela, aliikuta nayo aliponunua. Mpango ni tutoke Jumamosi asubuhi, tushike Kericho, Kisumu, tupande Mbale.

Forester itavuta? Nipite Kericho au Eldoret, Kapsabet, Chavakali? Na trafiki wataniomba nini njiani?

Jogoo_la_Kondele

Omera, trela ya nini? Nunua kamba nene, weka mtu kwa usukani wa pikap, mwende polepole. Mimi nilivutwa Ahero mpaka Kondele hivyo na tukafika.

Fundi_Bondeni

@Jogoo_la_Kondele Ahero mpaka Kondele ni tambarare, hata mkokoteni unafika.

Kwa Hilux ya dizeli breki husaidiwa na pampu ya hewa iliyo nyuma ya oltaneta. Injini imeshika, hiyo pampu haizunguki. Pawa ya usukani nayo imekufa. Sasa umwambie mtu ashuke Kericho akiwa amefungwa kamba nyuma ya gari lingine, breki anakanyaga kwa miguu yote miwili na usukani hausogei. Hapana. Trela ni wazo zuri. Swali ni nani anaivuta.

Mama_Lori

Tuanze na hesabu, mengine yatafuata.

Hilux yako ikiwa tupu inakaribia tani moja na nusu. Trela ya chuma ya ekseli mbili haipungui kilo 600, nyingi ziko karibu na 800. Hapo umeshapita kilo 2,000 na bado hujaweka spea tairi, jeki na makorokoro ambayo najua utayatupa nyuma ya pikap. Forester nyingi, ukisoma kitabu chake, hazizidi kilo 2,000, nyingine ni 1,500, na hiyo ni kwa trela yenye breki zake. Trela isiyo na breki, kikomo cha magari mengi ya namna hiyo ni kilo 750 au chini yake.

Halafu Forester yenyewe ni kama tani moja na nusu. Mzigo ulio nyuma unalishinda gari linalouvuta. Kupanda utapanda, kwa kelele. Ukianza kushuka, ule mzigo ndio utaamua mwendo, na kwenye kona ndio utaamua njia.

Kuna jambo lingine watu husahau. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Mau Summit ni karibu 2,500. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza kama asilimia kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000, kwa sababu hewa ni nyembamba. Ukifika juu ya Mau una robo tatu ya injini unayodhani unayo, na giaboksi ya otomatiki inachemsha mafuta yake chini ya miguu yako. Utaokoa injini ya Hilux uue giaboksi ya shemeji. Na huyo ni shemeji, mtaonana kila Krismasi.

Mzaliwa_wa_Mbale

Asante mama. Lakini shemeji anasema aliwahi kuvuta trela yenye ng'ombe wawili kutoka Njoro mpaka Molo na gari halikulalamika.

Mama_Lori

Ng'ombe wawili na katrela kao hawafiki uzito wa hiyo Hilux peke yake. Na Njoro mpaka Molo ni kupanda karibu njia yote, hakuteremka mahali pa kumtisha. Muulize kama alirudi nao.

Jogoo_la_Kondele

😂😂 walirudi kama nyama

Dereva_Mstaafu

Nimesoma yote. Nimeendesha magari ya mizigo barabara hiyo miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitasema machache kuhusu njia, kisha kuhusu kufunga mzigo, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoumia.

Njia: pita Kericho. Ya Eldoret itakupandisha hadi Timboroa, ambako stesheni ya reli iko mita 2,743, juu zaidi hata ya Mau Summit, na huna sababu ya kubeba mzigo kilimani mara mbili. Kutoka Nakuru utapita Salgaa na Sachangwan ukipanda, na hiyo ni heri kwako, lakini kumbuka malori yanayokuja mbele yako yanashuka, na mengine breki zimechoka. Usitamani kupita lori pale. Kaa nyuma, acha nafasi ya lori zima na nusu, watu wakupigie honi mpaka wachoke. Londiani Junction punguza mwendo mapema. Mnakumbuka Juni 2023 watu zaidi ya hamsini walikufa pale, wengi wao wakiwa kando ya barabara wakifanya biashara zao. Ukitoka Kericho, mteremko wa kwenda Awasi ni mrefu, hauna haraka, na ndio utakaokujaribu. Shuka na gia ile ile ambayo ungepandia. Breki ikanyage kwa nguvu kidogo, iachie ipoe, ikanyage tena. Ukiikanyaga mfululizo itanuka, kisha itakuwa laini, kisha haitakuwepo. Ahero hadi Nyamasaria ni tambarare, Kondele ni msongamano wa boda na matatu, halafu Mamboleo, Kiboswa, unapanda hadi Majengo ukiwa karibu nyumbani. Kilima hicho cha Kiboswa kinadharauliwa sana na watu waliochoka.

Kufunga: Hilux iingie na injini mbele. Uzito unaokaa kwenye kichwa cha towba uwe karibu asilimia kumi ya uzito wote wa trela na mzigo. Ukiisogeza pikap nyuma sana, trela inainua mkia wa gari lako, tairi za nyuma zinakosa mshiko na trela inaanza kucheza kushoto na kulia. Ukiisogeza mbele sana, gari linakaa mkia chini, pua juu, usukani unakuwa mwepesi. Paki mahali pa tambarare, simama kando, tazama: gari na trela vinapaswa kukaa karibu sawa, mkia ukishuka kidogo tu.

Trela ikianza kucheza, usikanyage breki kwa nguvu na usijaribu kuifukuza na usukani. Shika usukani ukiwa umenyooka, toa mguu kwenye mafuta, ngoja itulie. Kisha simama, sogeza mzigo mbele. Ikicheza mara moja itacheza tena.

Mikanda ya racheti minne, miwili mbele na miwili nyuma, yote ishike ekseli au tairi, isishike bampa wala ndoano za bodi. Bodi inaning'inia kwenye springi. Ukifunga bodi, kila shimo linailegeza mikanda. Gia iingie, breki ya mkono ivutwe, kabari mbele na nyuma ya tairi. Ukifika Salgaa simama ukaze tena, lazima itakuwa imelegea. Hapo hapo gusa katikati ya kila rimu ya trela kwa mgongo wa mkono. Moto kidogo ni kawaida. Ile moja inayokuchoma wakati zenzake zina uvuguvugu, beringi yake inakufa au breki imeshika, usiendelee.

Mwisho, usikimbie. Sitini, sabini mahali panaporuhusu.

Fundi_Bondeni

Mzee amemaliza. Naongeza ya trela tu. Kabla ya kulipa, lala chini uiangalie. Ziko trela hapa mjini zimeundwa na mtu mwenye welda na matumaini. Uliza kama ina breki za msukumo: ukipunguza mwendo, trela inasukuma mbele, kile kichwa kinarudi ndani kidogo na kuvuta nyaya za breki. Kisukume kwa mkono uone kama kinaingia na kurudi. Kama kimekwama kwa kutu, hiyo trela haina breki, haijalishi mwenyewe anasema nini.

Kichwa cha towba kiwe milimita 50 na kiingie kwenye mdomo wa trela mpaka kufuli iruke yenyewe. Ukishafunga, tia jeki uinue trela pale mbele: mkia wa gari ukiinuka nayo, imeshika. Minyororo ya usalama ipite chini ikipishana msalaba. Soketi ya taa ya pini 7, na mtu asimame nyuma mjaribu breki, indiketa na taa za usiku moja moja.

Na injini imeshika, kwa hivyo haitapanda yenyewe. Winchi ya mkono, au vijana sita na mtu mmoja tu wa kutoa amri. Weka nyutro, usisukume ikiwa kwa gia.

Karani_wa_Njiani

Trafiki: trela ina namba yake, ile inayoanza na Z. Isiyo na namba, usiichukue, hata ukipewa bure. Omba nakala ya logibuku ya trela na bima yake, na mkataba wa kukodi uwe na tarehe. Kwa Hilux beba mkataba wa mauziano, nakala ya kitambulisho cha aliyekuuzia, na uthibitisho kwamba umeanza kuhamisha umiliki kwa eCitizen. Mtu anayebeba pikap iliyokufa Jumamosi asubuhi atasimamishwa, hilo lichukue kama lilivyo. Pembetatu mbili za kuakisi ziwe ndani ya gari.

Piga simu kwa bima ya gari linalovuta uulize kama wanakubali livute. Bima nyingine hulipa gari peke yake na kukuachia trela. Na angalia daraja la leseni ya dereva kabla ya siku ya safari, si mbele ya afisa.

Nyar_Awasi

Mbona hakuna anayeuliza trela itarudije? Umekodi Nakuru, unapeleka Mbale. Kesho yake lazima uivute tupu mpaka Nakuru, kisha urudi nyumbani. Hiyo ni siku mbili za kodi, pengine tatu, na petroli ya kwenda na kurudi. Ukijumlisha na chakula na lala salama, 38,000 ya bredauni inaanza kuonekana kama bei ya mtu mwenye akili.

Kodisha Kisumu. Trela ije tupu Nakuru, irudi na mzigo, uirudishe Kisumu asubuhi, ambako si mbali na Mbale.

Au ongea na madereva wa bredauni wa Kisumu moja kwa moja. Ile iliyoleta gari Nakuru na inarudi tupu haitakuomba bei ya ile inayotoka kwake kwa ajili yako.

Mzaliwa_wa_Mbale

Dada, hilo sikulifikiria hata kidogo.

Nimepiga simu jioni hii. Binamu yangu wa Kakamega ana Hilux Vigo 3.0 ya dizeli, gia za mkono, na amewahi kuvuta trela ya trakta. Anakuja Nakuru wiki ijayo kuchukua mbegu za viazi, lakini amesema viazi vitangoja. Kuna trela Kisumu, ina breki za msukumo, mwenyewe amenitumia picha ya namba na ya mdomo wa kufungia. Fundi, nimempelekea picha ya maneno yako ajaribu kusukuma kile kichwa, amesema kinaingia na kurudi. Shemeji nimemwambia asante. Amenuna kidogo.

Hesabu: kodi siku mbili, dizeli, na kitu kidogo cha binamu, nimekuja chini ya 38,000 lakini si chini sana kama nilivyokuwa nimejidanganya. Yule wa bredauni inayorudi tupu bado namtafuta. Nikimpata kwa 22 au 23, trela naiacha.

Mama_Lori

Vigo 3.0 ni sawa, nyingi kitabu chake kinaruhusu hadi kilo 2,500 kwa trela yenye breki, lakini binamu asome chake kwanza. Mko ndani, lakini si kwa nafasi kubwa, kwa hivyo viazi vya binamu visiguse pikap yoyote kati ya hizo mbili siku hiyo. Na mkija na trela tupu itarukaruka kwenye matuta na kupiga kelele; asidhani imeharibika, aende taratibu.

Dereva_Mstaafu

Mtoke Nakuru kukipambazuka. Mvua ya alasiri upande wa Kericho na Vihiga haitaki kuzoeana na trela, na mlango wako wa Mbale ukiwa wa udongo mwekundu, shusheni pikap kwenye lami au murram kavu, kisha muisukume ndani. Msijaribu kurudi nyuma na trela kwenye kichochoro usiku.

Jogoo_la_Kondele

Mzaliwa, na hiyo 3L iliyoshika utafanya nayo nini? Nina mtu anatafuta silinda hedi, hata kama imepinda.

Mzaliwa_wa_Mbale

Ngoja ifike Mbale ifunguliwe. Akija mwambie abebe spana zake, fundi wangu haazimi.